Verlene Aliomba kwa Mdomo

Verlene Stidham alikuja maktabani kwangu mwezi wa Agosti kuniarifu kwamba kitabu chetu kimekwenda na maji ya mafuriko. Alisimama mbele ya meza yangu, mkoba kifuani, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Kile cha kushona mablanketi ya viraka," alisema. "Nimekitafuta mpaka juu ya miti."

Nilimwambia kaunti nzima imepoteza vitabu na hakuna atakayedaiwa. Hakuondoka. Aliangalia mashine ya kunakili, akaangalia dirishani, ambako magari ya kubeba taka yalikuwa bado yanapita yamejaa magodoro yenye matope, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wanasema wewe unajua namna ya kuomba vitu ofisini."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumjua, ingawa kumwona nilikuwa nimemwona maisha yangu yote. Kila aliyesoma shule yetu ya msingi amekula skonzi za Verlene. Alikuwa jikoni pale tangu ujana wake, na mpaka leo utawakuta wanaume wenye ndevu, madereva wa malori ya makaa ya mawe, wakimsimamisha dukani: "Verlene, lini utatupikia zile?" Naye huwajibu, "Rudi darasa la pili, nitakupa."

Watu wote humwita hivyo tu, Verlene. Hata mwanawe.

Alimzaa Rondal akiwa na miaka kumi na sita, nyumbani kwa mama yake, kwenye bonde jembamba ambako barabara na kijito hupita bega kwa bega. Mtoto hajaanza kutambaa vizuri, Verlene akaenda Ohio kushona viti vya magari kiwandani, kama walivyokwenda wengi wetu hapa milimani Kentucky. Alirudi kila Ijumaa jioni na kuondoka kila Jumapili baada ya ibada. Mtoto alikuwa na bibi yake, na bibi alipotaja mwanamke yule wa Ijumaa alisema Verlene: Verlene anakuja, Verlene ameleta viatu. Kiwanda kilipofungwa akarudi moja kwa moja, Rondal alikuwa ameshaanza shule, na jina lilikuwa limeshashika.

"Sikumkataza," aliniambia siku moja. "Ningemkatazaje? Lilikuwa jina langu."

Aliwahi kusimulia, akicheka, jinsi mwenye duka alivyomwambia Rondal, "Kamwambie mama yako nyanya zimekwisha," na kijana akageuka, akapaza sauti dukani, "Verlene! Nyanya zimekwisha!" Watu wote walicheka. Yeye pia. Lakini aliposimulia alikuwa akiufunga na kuufungua mkoba wake.

Rondal alikua, akafanya kazi kidogo mgodini, halafu akawa fundi wa viyoyozi. Alinunua nyumba ya trela, akaiweka mdomoni mwa bonde, pale vijito viwili vinapokutana. Mwishoni mwa Julai mvua ilinyesha usiku kucha. Verlene alikuwa mji wa pili, hospitali, kando ya kitanda cha dada yake aliyekuwa amepasuliwa nyongo, na simu yake ameizima kama wauguzi walivyotaka. Kulipokucha barabara haikuwepo. Rondal walimpata chini ya daraja la reli.

Kwenye mazishi, kijana mmoja wa zimamoto alimwambia jambo, akidhani anamfariji. Rondal alikuwa amepiga simu ya dharura. Kuna mtu alimpokea, akazungumza naye mpaka laini ikakatika. "Na zote hurekodiwa, Verlene. Zote zipo kwenye mashine."

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kuisikia simu ile.

"Ulishaomba?" nilimuuliza.

"Nimeomba. Nilikwenda kwa Burl."

Burl Amburgey ni msimamizi wa kituo cha simu za dharura cha kaunti yetu, na pia ni shemasi wa kanisa lao. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la mama yake Verlene. Verlene alikuwa amekwenda barazani kwake na sufuria ya kuku na matonge ya unga, wakakaa kwenye bembea, wakazungumza habari za nani amepata hema na nani amekwenda kwa watoto wake, na sufuria ilipopoa ndipo akaeleza shida yake.

"Usijali, dada Verlene," Burl alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Hilo niachie mimi."

"Alikuandikia chochote?" nilimuuliza. "Wewe ulimwandikia?"

Aliniangalia kama niliyemtukania mtu wake. "Nimpelekee Burl karatasi?"

Lazima nieleze jambo hili kwa uangalifu, kwa sababu wageni hudhani ni ujinga. Kwetu karatasi hupelekewa adui. Babu zetu, wasiojua kuandika, walitia alama ya msalaba badala ya saini kwenye karatasi za makampuni ya makaa, na makampuni yakachukua kilichokuwa chini ya nyumba zao. Tangu hapo, mtu unayeweza kukaa barazani kwake humwandikii. Ukimwandikia umemwambia kwamba humwamini tena, na kesho yake kanisani mtakaa viti vya mbalimbali. Nilisoma chuo, miaka minne, nikarudi na shahada yangu ya ukutubi, na bado mimi mwenyewe nikitaka kitu kwa jirani huenda na keki.

Nilimweleza sheria ya jimbo ya nyaraka za umma. Si ngumu. Kilichotengenezwa au kutunzwa na ofisi ya umma, kiwe karatasi, picha au sauti, ni cha umma, isipokuwa vile vichache vilivyotajwa kuwa siri. Mkazi yeyote anaweza kukiomba bila kueleza sababu. Lakini aombe kwa maandishi, aweke jina lake, aeleze anachotaka kwa namna ambayo mtu asiyemjua anaweza kukitafuta na kukipata, na ampelekee mtunza nyaraka wa ofisi ile. Wakishapokea wana siku tano za kazi za kujibu. Wakikataa, wataje kifungu kinachowaruhusu kukataa. Na wakishapokea ombi, kitu kile hawaruhusiwi tena kukiharibu.

"Hapo ndipo penyewe," nilimwambia. "Mashine za sauti hujaa. Wana muda wa kutunza, halafu mpya zinarekodiwa juu ya zile za zamani. Karatasi ndiyo inayozuia."

"Burl hawezi kuruhusu hilo."

"Sisemi Burl ni mbaya."

"Basi tumwache Burl." Akashika mkoba wake. "Jumapili nitamkumbusha."

Akamkumbusha, kwenye chakula cha kanisa, mbele ya maharage na mkate wa mahindi. Burl alimpigapiga bega. Fundi wa mashine anakuja, alisema. Jumapili nyingine fundi alikuwa amekuja lakini kulikuwa na hitilafu ya umeme. Nyingine tena Burl mwenyewe hakuwepo, alikuwa akigawa maji ya kunywa juu ya mlima. Majani yalibadilika rangi, yakaanguka. Verlene alirudi jikoni shuleni, na mara kwa mara akitoka kazini alipita maktabani, akakaa meza ya karibu na kipasha joto, mikono ikinuka chachu. Hakuwa akisoma. Sikumuuliza kitu, naye akashukuru kwa hilo, nadhani.

Siku moja ya Novemba alisema bila salamu, "Haya. Nipe hiyo karatasi."

Nilimwachia aandike mwenyewe kwanza. Aliandika muda mrefu, akaniletea. Bado naiona ile hati yake ya mviringo, hati ya mtu anayeandika majina ya watoto kwenye keki za siku za kuzaliwa. Aliuliza: Mwanangu alisema nini? Je, aliogopa? Kuna aliyemwambia msaada unakuja? Kulikuwa na msaada uliokuwa unakuja? Aliniita?

Nilikaa nayo mkononi.

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Ila sheria hii haijibu maswali, Verlene. Hawalazimiki kukuambia chochote. Wanalazimika tu kukupa kitu walichonacho."

"Yaani nisiulize kama aliogopa."

"Omba sauti. Sauti itakujibu."

Tukaandika upya pamoja. Rekodi ya simu iliyopigwa kituo cha dharura usiku ule kutoka namba ya Rondal, pamoja na taarifa yoyote iliyoandikwa ya jinsi simu hiyo ilivyopokelewa na kupelekwa. Tukaweka jina, anwani, maelezo kwamba yeye ni mkazi wa jimbo, saini. Ilikuwa fupi na kavu, na ilipotoka kwenye mashine ya kuchapia alisema, "Inaonekana kama naomba spea za gari." Aliipeleka kwa miguu ofisi ya mkuu wa kaunti, akagongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake kama nilivyomwelekeza, kisha akakaa ndani ya gari lake mbele ya mahakama muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Jibu lilikuja ndani ya muda wa kisheria. Lilikuwa na adabu. Rekodi iliyoombwa haipo tena. Mfumo hutunza sauti kwa muda uliowekwa, na baada ya hapo hurekodi juu yake isipokuwa kama ombi la maandishi limepokelewa. Hakuna ombi la maandishi lililopokelewa ndani ya muda huo. Waliambatanisha walichokuwa nacho, mstari mmoja tu wa taarifa. Saa ya simu. Mwanamume, maji ndani ya nyumba. Laini imekatika. Mpokeaji: T. Gayheart.

Alitaka tukate rufaa, tukakata, kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, jambo ambalo sheria inamruhusu yeyote bila malipo na bila wakili. Uamuzi ulikuja baada ya Krismasi. Ulisema nilichojua utasema, kwamba ofisi haiwezi kuamriwa itoe kitu kisichokuwepo.

Burl alimfuata jikoni shuleni, siku ileile habari zilipomfikia. Wapishi wenzake walisimulia, na baadaye Verlene mwenyewe. Burl alisimama kwenye mlango wa nyuma, kofia mkononi, mtu mzima wa futi sita, na theluji ikimyeyukia mabegani.

"Ungeniandikia tu, Verlene. Mstari mmoja. Kwenye karatasi ya kufungia skonzi, ningeipokea."

"Nilikuja barazani kwako, Burl."

"Najua."

"Ulikula kuku wangu."

"Najua nilikula." Alijifuta uso kwa kofia. "Nilimwambia yule kijana wa mashine aiweke kando. Siku ileile uliyokuja. Nilimpigia."

"Ulimwandikia?"

Burl aliigeuzageuza kofia.

"Burl. Ulimwandikia?"

"Ni mtoto wa dada yangu, Verlene," alisema. "Nimwandikie mtoto wa dada yangu?"

Wapishi wanasema Verlene alicheka. Cheko moja, kama kikohozi. Kisha akamwambia aingie ndani, anaingiza baridi na unga hautaumuka, akampa kikombe cha kahawa, naye akakinywa amesimama mpaka kengele ya chakula ilipolia. Hawakukaa viti vya mbalimbali kanisani. Lakini tangu siku hiyo Burl hakumtazama usoni, na Verlene aliniambia hilo lilimchosha kuliko kama angegombana naye.

Akabaki T. Gayheart. Tulimjua wote, Tawnya, binti wa mwenye kituo cha mafuta cha zamani. Alikuwa ameacha kazi wiki ileile ya mafuriko, akahamia Tennessee kwa shangazi yake, na watu walisema hapendi kuongelea. Hapakuwa na sheria ya kumwomba yeye. Nyaraka za umma ni kilichoandikwa na kilichorekodiwa. Kilichobaki kichwani mwa mtu ni chake.

"Atarudi Mei," Verlene alisema. "Kila mtu hurudi Mei."

Mwishoni mwa Mei watu hupamba makaburi. Kwetu wafu huzikwa juu, kwenye vilele, kwa sababu ardhi tambarare ni haba na walio hai wanaihitaji. Kwa hiyo mafuriko yale yaliwachukua waliokuwa chini na hayakugusa jiwe hata moja la waliokuwa juu. Siku ile hupanda mlimani na majembe, maua ya plastiki na vikapu vya chakula. Nilikuwa kwenye kaburi la baba yangu, safu ya pili kutoka kwa kina Stidham, nilipomwona Tawnya akipanda njia, amevaa miwani ya jua ingawa kulikuwa na mawingu. Aliweka maua ya njano kwa Rondal. Verlene alikuwa amepiga magoti anang'oa magugu.

"Bi Verlene."

"Tawnya. Umekonda. Tennessee hawali?"

Msichana akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nilisikia mlikuwa mnaitafuta ile simu. Ningekuja mapema. Sikuweza."

"Kaa chini, mwanangu. Nyasi zimekauka."

Akakaa. Nilikuwa karibu, na Verlene alinitupia jicho nisiondoke, nikabaki, nikishika maua ambayo nilikuwa nimeshamaliza kuyapanga.

"Hakulia," Tawnya alisema. "Nataka ujue hivyo. Alikuwa anaongea kama mtu anayeagiza kitu dukani. Alisema maji yamefika kwenye swichi. Nilimwambia apande juu ya paa, akasema paa ndilo linalokwenda. Halafu akasema..." Akavua miwani. "Akasema, mwambie Mama asirudi kwa njia ya kijitoni. Nilisema nitamwambia. Halafu laini ikakatika, na nyingine ikawa inaita."

Verlene aliacha magugu.

"Alisema Mama?"

"Ndiyo."

"Neno lenyewe? Hakusema Verlene?"

Nilimwona Tawnya akikumbuka. Alisoma shule moja na Rondal. Alijua, kama tulivyojua sote, alivyomwita. Uso wake ukabadilika polepole, na akaanza kuangalia kando, juu ya makaburi, kama mtu anayetafuta mlango.

"Nadhani alisema Mama," alisema. "Zilikuwa simu nyingi sana, Bi Verlene. Zilikuja pamoja. Kulikuwa na yule kijana wa kina Sumner, na dereva wa gari la shule, wote walikuwa na mama zao barabarani. Labda alisema..." Akaikunja miwani. "Labda alisema Verlene. Ndiyo, ukisema hivyo, nadhani alisema Verlene."

"Usinitengenezee, mwanangu."

"Sitengenezi."

"Unanitengenezea. Si kwa ubaya." Verlene akamshika kifundo cha mkono, mkono wake una udongo. "Kama ujumbe ni wa mwingine, mama yake anauhitaji. Kama ni wangu, nauhitaji mimi. Usimpe mtu kwa sababu ya huruma."

Tawnya alilia basi, kwa sauti, mpaka watu wa safu za juu wakageuka. Verlene alifungua kikapu, akamkatia keki ya matufaha yaliyokaushwa, ile ya tabaka nyembamba nyembamba ambayo huchukua siku mbili kupika, akakaa naye hadi akaimaliza yote. Kisha akaniomba nimsindikize binti hadi kwenye gari, njia ilikuwa na mteremko mkali.

Siku hizi, mtu akija maktabani akitaka kuomba kitu ofisini, iwe taarifa ya polisi, vipimo vya maji ya bomba, au maelezo kwa nini barabara yao haikutengenezwa, Verlene akiwepo huvuta kiti karibu. Hapendi kuongoza. Husikiliza mpaka wafike mahali pale ambapo wote hufika: ah, lakini mimi namjua yule mtu, nitamwambia tu.

"Mwandikie," husema. "Taja kitu, usiulize swali. Gongesha muhuri. Chakula mpelekee baadaye."

Wengine huandika. Wengine huchukua karatasi, huikunja vizuri sana, huitia mfukoni, na najua haitafika.

Ana sauti ya Rondal, moja tu, kwenye simu yake. Fupi, ya mwaka mmoja kabla ya mafuriko. Alinisikilizisha siku moja maktaba ilipokuwa tupu. Kuna upepo, mlango wa gari unafungwa, kisha sauti ya kijana mwenye haraka: "Verlene, ni mimi. Usisahau maziwa." Basi.

Aliniambia kwamba jikoni, asubuhi, kabla wenzake hawajafika, anapokanda unga huijaribu ile sentensi nyingine. Huisema kwa sauti ya Rondal kama anavyoikumbuka. Mwambie Verlene asirudi kwa njia ya kijitoni. Mwambie Mama asirudi kwa njia ya kijitoni. Mwanzoni ile ya kwanza ndiyo iliyosikika kama Rondal kabisa. Ile ya pili ilikuwa ya mgeni.

"Na sasa?" nilimuuliza.

Alifikiri, simu iko mkononi, kioo chake kimeshazima.

"Sasa nimezisema mno," alisema. "Zote mbili zimekuwa sauti yangu."